Mwanangu, umepima tena?

Mwanangu,

Hapa Lushoto hatujambo, ila mvua imetushika tangu juzi. Uliponiambia kwenye simu presha ilikuwa 150 kwa 95, "lakini ni uchovu tu mama", nilinyamaza kwa sababu mdogo wako alikuwa pembeni. Usiku sikulala. Una miaka 27, uchovu gani huo? Ya baba yako sikuandikii, unayajua. Mkongojo wake bado uko nyuma ya mlango.

Umepima tena? Nijibu hilo kwanza.

Nilipokuja kwako zile siku tatu sikusema kitu, nilikuwa mgeni wako. Lakini niliona. Asubuhi chai na soseji, mchana chipsi, usiku unarudi saa tatu, unachemsha tambi pakiti mbili, unamwagia kile kiungo chote cha pakiti, juu yake tomato sosi. Pakiti moja tupu niliitia kwenye pochi, nikamwonyesha nesi wa kliniki yangu. Tulivaa miwani wote wawili ndipo tukaona: sodiamu miligramu 800. Akaniambia zidisha mara mbili na nusu upate chumvi. Gramu 2 hizo, pakiti moja, nawe unakula mbili. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Hapo soseji sijaihesabu, wala mkate. Mimi nilidhani chumvi ni ile ninayoichota kwa kijiko.

Soda nayo, chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Kila Jumapili kwenye kikoba nawaambia wenzangu mwanangu ndiye anayefunga mahesabu ya ofisi nzima. Sasa mtu wa hesabu anashindwaje kusoma pakiti?

Na usinirudishie yale ya biskuti. Ndiyo, siku za soko nilikuwa nakuachia hela ya soda na biskuti, na mchuzi wangu ulikuwa haukolei bila vile vidonge vya viungo vya dukani. Karoti zilipanda lori gunia kwa gunia kuja huko Dar, jikoni kwetu hazikufika. Na mimi nilikuwa nachoka.

Sikukatazi kila kitu. Tambi zikikushinda kuacha, kiungo tia nusu. Jumamosi chemsha maharage sufuria nzima, yagawe kwenye vikopo, weka kwenye friji. Usiku unaunga kwa kitunguu na nyanya tu, hayazidi muda wa hizo tambi. Na presha pima asubuhi kabla ya chai, ukae utulie kwanza, usipime umetoka kupanda ngazi. Uandike namba, usinitajie kwa kichwa.

Kesho nampa kondakta ndoo ya maharage, mayai nimeyafukia humo humo, fukua kwa mkono taratibu. Unga wa dona kilo tano uko kwenye mfuko. Mchunga utafika umenyauka, usiutupe; chemsha, mwaga maji ya kwanza.

Bati la jikoni limetoboka tena, fundi anataka elfu arobaini. Usitume, nenda kapime. Au tuma nusu.

Ndoo irudi na mfuniko wake. Ile nyekundu ya mwaka jana mpaka leo sijaiona.

Mama yako