Zuhura, lile dumu usilimwage

Edmonton, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleykum. Hujambo, mama hajambo, wa huko Ngamiani wote hawajambo? Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Najua nimenyamaza tangu Maulidi, na visingizio ninavyo, ila leo sina nafasi ya kuvipanga. Mama Rukia kanipigia jana, na katikati ya habari za harusi ya Mwanaisha akanipenyezea kwamba umelitoa saluni dumu zima la kondishona, lita tano, liko uani karibu na choo linangoja kumwagwa. Tena umewarekodia wateja sauti, unawaambia mle ndani mna klorini, ile ile ya kusugulia masinki.

Zuhura, ngoja kwanza.

Nilimwomba anipigie picha ya lebo. Kapiga, kidole chake kimeziba nusu, lakini nililolitaka nimeliona. Baada ya maji na setaili alkoholi, jina la tatu ni behentrimoni kloridi. Hilo ndilo lililokurusha roho. Na aliyekutia hofu hiyo namjua, ni mimi. Mwaka juzi si nilikaa kwenye kiti chako cha draya nikakuhutubia mbele ya watu, kwamba kitu usichoweza kukitamka usikipake kichwani? Haya, nayameza maneno yangu, na machungu kweli kweli.

Kloridi si klorini. Chumvi unayotia kwenye mchuzi kila siku nayo ni kloridi, sodiamu kloridi, na hujaona mtu kafua nguo nyeupe kwa mchuzi. Na hiyo setaili alkoholi usije ukaikimbia nayo ukidhani ni spiriti. Ni kitu kama nta nyeupe, kazi yake kuifanya kondishona iwe nzito.

Nimeyajua haya kwa tabu, si kwa akili. Huku siku nyingi nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani hita inawaka usiku kucha, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Mwanangu Salma akivua kofia yake ya sufu asubuhi, nywele zinasimama kila moja na lwake, zinalia tatata, ukimgusa sikio cheche inaruka. Yeye anacheka. Mimi nashika chanuo huku roho inaniuma, maana nikichana tu zinakatika. Unakumbuka darasani tulivyokuwa tukisugua peni kichwani halafu inanyanyua vipande vya karatasi, na wewe ukafukuzwa nje kwa kumsugua Asha badala ya kujisugua mwenyewe? Basi ni mambo hayo hayo. Chanuo likipita kwenye nywele kavu, chaji zinahama. Nywele zote zinabaki na chaji ya aina moja, na za aina moja hazikai pamoja, zinasukumana. Hapo Tanga unyevu wa bahari unaziondoa kabla hujaziona, lakini mteja akitoka kwenye draya ukampitishia kitana cha plastiki, umeziona.

Sasa hiyo behentrimoni ina kichwa na mkia. Kichwa kina chaji chanya, mkia ni wa mafuta, mrefu, kaboni 22 zimeshikana mikono. Unywele uliolowa una chaji hasi, na ulioungua kwa dawa au blichi ni hasi zaidi. Kichwa kinanasa kwenye unywele, mkia unabaki nje unateleza. Ukisuuza, maji yanaondoka na iliyozidi, iliyonasa inabaki pale pale. Na kwa kuwa inafuata chaji, inashika zaidi kwenye ncha zilizochakaa kuliko karibu na ngozi ya kichwa kwenye nywele changa. Wala huiambii iende wapi. Hilo limenikaa kichwani wiki nzima. Miaka yote nikimwona marehemu Bi Mkubwa akipaka ncha tu na kuruka utosi, nikadhani anabania mafuta!

Utando huo ukikaa, chanuo halivuti, kwa hiyo chaji hazizaliwi nyingi kama mwanzo. Na wenyewe unashika unyevu kidogo, basi hata zile zilizozaliwa zinapata njia ya kutokea. Ndiyo maana kwenye orodha za vipodozi wameiandika kuwa ni kizuia umeme tuli, jina ambalo mtu akilisikia anadhani ni kidude cha kufunga kwenye mita.

Na kuna hili, utacheka. Unajua hilo neno behen limetoka wapi? Kwenye mafuta ya mbegu za mlonge! Wazungu zamani waliyaita mafuta ya ben, na asidi waliyoikuta humo, yenye hizo kaboni 22, wakaipa jina kutokana nayo. Siku hizi viwandani wanaitoa zaidi kwenye mbegu za rapa, lakini jina limebaki la mlonge. Mlonge uleule wa bibi yako tuliokuwa tukiukwea, leo umetoa jina la kizungu na wewe unalikimbia.

Usidhani namtetea aliyekuuzia. Kama kwenye dumu kaandika kwamba inalisha nywele kutoka kwenye mizizi, huo ni uongo. Unywele ukishatoka kichwani umekufa, haulishwi. Hiyo ni koti tu, shampuu ya mara nyingine inalivua. Wala behentrimoni yenyewe si kitu cha kuchezea ikiwa mbichi. Umoja wa Ulaya mwaka 2014 waliiwekea mpaka: isizidi asilimia 5 kwenye vitu vya nywele vya kusuuza, na 3 kwenye vya kuacha kichwani. Ikizidi inachoma macho na ngozi.

Macho nayajua vizuri, maana, ah, ngoja nikwambie. Nilijifanya mkemia. Nikaagiza vile vipande vya behentrimoni methosalfeti, ndugu yake huyu, vinafanana na mshumaa uliokwanguliwa. (Na jina la salfeti lisikutishe, hii si ile ya kutoa povu.) Nikaviyeyusha vizuri kwenye maji ya moto, gramu 4 kwa kila 100, nikaona ni uvivu kuwa na chupa mbili, nikamimina kwenye shampuu ya Salma nipate kitu kimoja. Zuhura! Palepale ikakatika kama maziwa yaliyochacha, mabonge meupe yanaelea, povu hakuna. Shampuu nyingi zina chaji hasi, zimekutana na chanya zimeng'ang'aniana zenyewe, nywele zimesahauliwa. Kumbe wanaotengeneza shampuu yenye kondishona ndani wanatumia jamaa wengine, wanaitwa polikwateniamu, wanaovumiliana nazo. Sefu kaingia jikoni akauliza kama ndiyo tui la wali. Nikacheka, nikajifuta jicho kwa mkono ule ule. Nililia nusu saa chini ya bomba.

Kwa hiyo kwako wewe: shampuu kwanza, isuuze iishe, ndipo kondishona. Wale wasichana wako huwa wanaharakisha hapo, nimewaona.

Narudi kwenye dumu. Lifungue. Ukikuta limeachana, maji chini mafuta juu, au linanuka uvundo kwa sababu ya jua la uani, hapo limwage na mimi nitakulipa nusu, kwa kuwa kosa ni langu. Likiwa zima lirudishe ndani. Na ile sauti, tafadhali, warekodie nyingine. Usinitaje. Au nitaje, basi, nimestahili, ila usiseme "yule wa Kanada", watajua.

Limebaki sehemu gani sasa, uani au umeshaliingiza? Wateja wangapi wameisikia ile sauti, na yule mama wa Chumbageni mwenye mdomo yumo? Amekatika nywele mtu, au ilikuwa hofu ya jina tu? Ulilinunua kwa bei gani? Mlonge wa bibi bado upo au wameukata walipojenga ukuta? Na harusi ya Mwanaisha ni lini hasa, maana Mama Rukia kasema Ijumaa bila kusema Ijumaa ipi. Mbona hukuniambia wewe mwenyewe?

Nijibu kwa sauti ukichoka kuandika, ila usianze na klorini.

Shoga yako,
Mwanahawa