Barua kwa mwanangu: nukta nyekundu ya Mtaa wa Carlton

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya wale watoto pia. Mamako ameitazama mara tatu, akasema yule wa mwisho kushoto, aliyemezwa na helmeti, ni wewe mtupu ulipokuwa na miaka minane. Hongera kwa kazi ya kumsaidia kocha. Umeniomba kitu kimoja tu, nikupigie picha ya ile nukta nyekundu iliyo sakafuni mwa supamaketi, uwaonyeshe wanao wa timu. Nimekwenda jana nilipotoka kazini. Lakini picha bila maneno haina chumvi, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kwa Kiswahili, naam. Ukikwama neno mpigie mamako, atafurahi kusikia sauti yako.

Nukta iko ujia wa 25. Nilipofika nilimkuta bibi mmoja amesimamisha kitoroli chake juu yake, gurudumu moja katikati kabisa ya wekundu, naye anasoma bei huku amevua miwani. Nikangoja. Alisoma, akarudisha kopo, akachukua jingine. Hakuangalia chini hata mara moja. Pale kitoroli kilipokuwa ndipo palipokuwa kitovu cha barafu ya Maple Leaf Gardens, jumba la mpira wa magongo wa barafuni hapa Toronto, nyumba ya timu ya Maple Leafs tangu 1931 hadi 1999.

Waambie wale watoto kwamba jumba hilo lilijengwa wakati ambao mtu mwenye akili timamu hakujenga hata banda la kuku. Mwaka 1931 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu wanapanga foleni kupata supu. Conn Smythe, mwenye timu, akataka uwanja mkubwa kuliko ule wa zamani wa Mtaa wa Mutual. Akapata kiwanja kwenye kona ya Carlton na Church. Pesa zikapelea. Msaidizi wake, Frank Selke, ambaye alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, akaenda kuwasihi mafundi wakubali asilimia 20 ya mshahara wao kwa hisa za kampuni badala ya fedha taslimu. Hebu fikiria ukimwambia fundi wa Mombasa kwamba sehemu ya ujira wake leo ni karatasi! Atakutupia mwiko. Lakini hawa walikubali, maana kazi nyingine haikuwapo. Walianza tarehe 1 Juni, na tarehe 12 Novemba mwaka huohuo mchezo ukachezwa. Miezi mitano na ushei, matofali ya manjano, na kuba juu lisilo na nguzo hata moja ya kumziba mtazamaji. Usiku wa kwanza Chicago wakaharibu sherehe, 2-1.

Chini ya lile kuba kulikuwa na kibanda kilichoning'inizwa mita kama 17 juu ya barafu. Humo alikaa Foster Hewitt, mtangazaji. Kila Jumamosi usiku sauti yake ilitoka mle ikaenda kwenye mashamba na migodi ya Kanada nzima, "Anapiga, anafunga!", na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Toronto wakalijua jumba hilo kama sebule yao. Mimi nalielewa hili bila kuelezwa. Utotoni tulikuwa tunaizunguka redio moja barazani kumsikiliza Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira wa Nairobi, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameuona uwanja wenyewe. Tuliuchora kichwani. Ule wa kichwani ulikuwa mzuri zaidi, nakuapia.

Timu ilitwaa Kombe la Stanley, lile la ubingwa, mara 11 ikiwa mle, mara ya mwisho 1967. Ya baada ya hapo nisiyaseme, wewe mwenyewe nimekufuta machozi mara ngapi. Na si mpira wa magongo peke yake. Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kabisa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu, ulichezwa humo, Novemba 1946, New York wakiwafunga Toronto 68-66. Mwaka 1966 Muhammad Ali, ambaye miji ya Marekani ilikuwa inamfungia milango kwa sababu ya maneno yake juu ya vita vya Vietnam, alipigana humo na George Chuvalo, bondia wa Kanada, raundi zote 15. Hilo babu yako alilijua, lakini hakujua kwamba chini ya jukwaa kulikuwa na uwanja wa barafu.

Nami niliingia mara moja tu, msimu wa mwisho. Mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi ya ziada, viti vya kijivu, yaani juu kabisa karibu na dari. Nilipanda ngazi hadi magoti yakaomba radhi. Barafu niliyoijua mimi ni ya aina mbili: mabonge ya soko la samaki, yaliyofunikwa vumbi la mbao yasiyeyuke, na barafu za ukwaju za senti hamsini. Nikachungulia chini nikaona sakafu nyeupe imewashwa taa, ng'aa! Nikadhani imepakwa rangi. Kumbe kweli imepakwa: mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa yanapita ndani ya zege, maji yanamwagwa juu yake tabaka kwa tabaka, rangi nyeupe inapigwa katikati na mistari inachorwa, kisha maji tena. Unene wake wote ni kama sentimita tatu. Wakati wa mapumziko likaingia lile gari linalokwangua, likaacha nyuma yake utando unaofuka moshi. Nikauliza, mbona wanamwaga maji ya moto juu ya barafu? Mwenzangu akacheka mpaka akamwaga kahawa. Ya moto huyeyusha mikwaruzo kidogo kabla haijaganda, ikatoka laini. Wewe haya uliyajua kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa mtu mzima.

Usiku wa mchezo wa mwisho wa timu mle, tarehe 13 Februari 1999, nilitazama kwenye televisheni ya kantini. Chicago tena, 6-2. Walimleta mzee Mush March, yule aliyefunga bao la kwanza la jumba hilo mwaka 1931, akiwa na timu ya Chicago, arushe kwa heshima kile kisahani kinachochezewa barafuni badala ya mpira. Wazee wa kantini walilia. Mimi nilikuwa na sandwichi mkononi, nikaona haya kuendelea kutafuna.

Sasa nikuambie lile ambalo hukuwahi kuniuliza vizuri, uliniuliza kwa hasira tu. Ulipokuwa na miaka kumi ulisema ninakuaibisha. Baba wa wenzako wote walikuwa juu, wanakunywa kahawa, na mimi nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, kila mazoezi, kila mchezo, na koti langu na lile begi lako linalonuka. Nilikujibu kwamba kule juu kuna baridi. Nilikudanganya.

Mimi niliingia Toronto Februari 1997. Gazeti la kwanza nililolikuta kwenye kiti cha treni lilikuwa na habari ya jumba hilohilo. Mwanamume mmoja alijitokeza hadharani akasema kwamba alipokuwa mvulana, wafanyakazi wa Gardens walimwita ndani, wakampa tiketi za bure na nafasi ya kuwaona wachezaji, wakamfanyia unyama. Baada yake wakajitokeza wengine, wengi. Wakaja kuhukumiwa watu. Yule wa kwanza hakuumaliza mwaka huo, alifariki. Nilikuwa sijaoa, sina mtoto, sijui hata Mtaa wa Carlton uko wapi, lakini lile gazeti nililikunja nikalitia mfukoni. Watoto wale waliingia kwa furaha. Waliipenda mno ile barafu, na mtu aliyeshika ufunguo wa mlango alijua.

Kwa hiyo nikiingia kuwanunulia nyanya na mkate, naliona jumba zima, si kumbukumbu za vikombe peke yake. Supamaketi iko chini, ilifunguliwa 2011, na ukutani wametengeneza jani kubwa la mti wa maple, nembo ya timu, kwa viti vya zamani. Juu, chini ya kuba lilelile, chuo kikuu kimetandaza barafu mpya, uwanja mdogo wa watu wasiofika 3,000. Ukisimama kwenye foleni ya malipo hujui kwamba juu ya kichwa chako kuna vijana wanateleza.

Wewe sasa ndiye utakayekuwa mle ndani na watoto wa watu. Mlango uache wazi. Usibaki na mtoto mmoja peke yako, hata akiwa analia kwamba kamba zimemshinda. Mwite mzazi au mtu mzima mwingine. Na ukimwona baba amekaa kwenye benchi la nje na koti lake, usimwambie apande juu. Msalimie.

Picha naituma leo usiku. Ile ya kwanza ina gurudumu la bibi, ya pili ina kidole changu. Mamako anasema uwaonyeshe ile ya gurudumu. Anauliza pia kama bizari ilifika au posta wameifungua tena.

Babako