Tiketi ya kuingia Isimila si kibali cha kuuza kalenda

Ikifika Oktoba, studio yetu hapa Iringa mjini hujaa watu wa kalenda. Wenye lodji, walimu wakuu, akina mama wa vikoba, kila mmoja na flashi yake mkononi. Juzi kaja kaka mmoja na picha za Isimila, lile eneo la kale karibu na mji wetu, na nisiseme uongo, nilizionea wivu. Zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, jua la saa kumi na moja limezipiga ubavuni, nyekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Anataka nakala mia tano azisambaze hotelini. Nikamuuliza, kibali kiko wapi? Akachomoa tiketi ya kiingilio.

Tiketi inakuruhusu uingie, utazame, upige za kumbukumbu. Kuuza ni habari nyingine. Maeneo ya kale yana sheria yake tangu mwaka 1964, na kila eneo lina msimamizi. Huyo ndiye wa kuandikiwa. Tatizo ni kwamba msimamizi si mmoja kila mahali, na hapo ndipo wateja wetu wanapopotea. Maua ya Kitulo na tembo wa Ruaha, bisha hodi TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ziwa Ngosi limo ndani ya msitu wa hifadhi, kwa hiyo unaongea na TFS, wakala wa misitu. Kalenga, lilipo fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ulizia hapohapo makumbusho kabla hata ya kutoa kamera begini. Droni usiiguse mpaka uwe na ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wenye eneo.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Sema wewe ni nani, utapiga wapi na lini, mtakuwa wangapi, picha zitatoka kwenye nini na nakala ngapi. Hilo la nakala watu hulificha wakidhani ada itapanda. Liandike. Kisha subiri jibu la maandishi. "Nenda tu, hakuna shida" ya kwenye simu haitakusaidia kalenda zikishaingia sokoni.

"Lakini picha si yangu?" Ni yako. Hakimiliki unaipata pale pale unapopiga, hata bila kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ingawa usajili unasaidia mkija kugombana. Inamzuia mwingine asiiuze kazi yako. Ruhusa ya mahali na ya mtu aliyemo pichani haihusiani nayo.

Na huyo mtu ndiye aliyenifundisha mimi. Miaka kadhaa nyuma tulichapisha kalenda za nyumba ya wageni moja. Mwezi wa Agosti tukaweka mama anayesuka kikapu cha nyasi za milulu kando ya barabara, vidole vyake vimenaswa vizuri mpaka unaona mlulu ulivyopasuka kuchani. Januari akaingia studio, kalenda imekunjwa kwapani. "Kamwene." Nikaitikia. Akaifungua mezani, akaweka kidole usoni pake. "Mwanangu, huyu ni nani?" Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza. Alikuwa ameiona ikiuzwa, na mwanawe alikuwa anamuuliza kalipwa shilingi ngapi.

Tulimlipa, tukamwomba radhi, na kalenda zilizobaki tukazitoa zote sokoni. Tangu siku hiyo tuna fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: picha itatumika wapi, kwa muda gani, malipo ni kiasi gani. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi anayemchagua yeye, si sisi. Siku hizi ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kusema kweli, mimi namwogopa zaidi yule mama.

Basi ukileta picha kwetu, tutakuuliza hayo kabla ya kutaja bei. Barua ya maombi tunakuandalia, fomu ya ridhaa tunakupa bure, na kama muda umekubana tunazo picha zetu zenye vibali tayari. Za kalenda ya mwakani zilete mwezi wa Julai, maana majibu ya vibali hayafuati haraka zetu. Yule kaka wa Isimila ameshapeleka barua yake. Picha zake ziko kwenye kompyuta yangu, sijachapa hata moja.