Matusi ya asubuhi redioni yana mlipaji wake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nisemee hivi vipindi vya asubuhi vya redio zetu za FM hapa Arusha, vile vya kupiga simu na kuchambana, maana watu wamelalamika wee, mara watangazaji hawana adabu, mara hawajasoma, mara wamelelewa wapi, na mimi naona lawama zote tunamshushia mtu mmoja tu wakati wako wengi. Mtangazaji ni mwajiriwa. Anatukana kwa sababu kuna mtu analipia.

Mimi nina duka la spea za pikipiki Ngarenaro. Mwaka jana alinijia kijana wa masoko wa kituo kimoja, sikitaji, na karatasi yake ya bei. Tangazo la usiku kwenye kipindi cha afya hata mimi ningelimudu, ila la asubuhi kwenye kile kipindi cha vichambo bei yake ilikuwa haishikiki, nikamuuliza mbona hivi, akajibu bila hata aibu, "Mzee, hapo ndo kuna watu, wakianza kumchamba mtu boda wote wamefungulia, vifodi vyote, hizi daladala ndogo, kuanzia Sakina mpaka Kijenge." Hakuniambia kipindi kina habari wala kinafundisha chochote. Alikuwa ananiuzia masikio ya watu, na hayo masikio yamekuja kwa sababu kuna mtu anadhalilishwa.

Na huyo anayedhalilishwa mara nyingi ni mwanamke. Ipo ile ya kumpigia simu mke wa mtu asubuhi asubuhi, hajui kama yuko hewani, wanamchokonoa kuhusu mumewe mpaka mama wa watu analia, studio wanacheka, halafu hapohapo unasikia kipindi kimeletwa kwenu na kampuni fulani, kwa furaha kabisa na muziki juu. Yaani mdhamini wala hajifichi, analipa ili jina lake litajwe hapo.

Wenzetu Marekani wana mfano mzuri. Aprili 2007 mtangazaji mkongwe, Don Imus, aliwatukana hewani mabinti wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu cha Rutgers, wengi wao weusi, akazikejeli nywele zao na kuwaita malaya, tena walikuwa wametoka tu kucheza fainali ya taifa ya vyuo. Mabosi wake kwanza walimpa adhabu ya wiki mbili. Wiki mbili! Basi makampuni makubwa yakaanza kuondoa matangazo, Procter & Gamble, General Motors, American Express, na ndani ya siku chache runinga ya MSNBC wakaacha kukirusha kipindi na kesho yake CBS, waajiri wake wa redio, wakamfukuza kabisa. Ubaya wa yale maneno ulikuwa uleule tangu siku ya kwanza, kilichobadilika ni hela. Na kabla mwaka haujaisha, Desemba hiyohiyo, jamaa alikuwa amerudi hewani kwenye kituo kingine cha New York, maana wasikilizaji wake bado walikuwepo na wasikilizaji wanauzika.

Faini nazo wamezijaribu sana huko. Mwaka 1995 kampuni iliyokuwa ikirusha kipindi cha Howard Stern, mtangazaji mwingine wa redio, ilikubali kulipa serikali dola milioni 1.7 kumaliza malalamiko ya lugha chafu, na kipindi kikaendelea kama kawaida, kwao hiyo ilikuwa gharama ya biashara kama umeme wa studio. Rush Limbaugh, yule mtangazaji wa siasa redioni, ndo usiseme, mwaka 2008 alisaini mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 400 hivi kwa miaka 8, kwa kazi ya kuongea tu na kukasirisha watu. Hakuna mtu anakupa hela ile kwa kukupenda.

Huku kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wapo na Kamati yao ya Maudhui, wanaita vituo, wanatoza faini, wakati mwingine wanafungia, siwalaumu kwamba hawafanyi kazi. Ila faini kituo kinalipa, mdhamini yupo nyumbani ametulia jina lake halijaguswa, kipindi kinarudi hewani na tangazo lilelile.

Najua kuna watakaosema si uzime redio kama hutaki. Kwenye kifodi redio ni ya dereva aisee, na umekaa na watoto wamevaa yunifomu wanasikiliza mama wa watu akiulizwa mambo ya chumbani.

Na sisi watu wa Arusha tunajifanya tumesahau. Ni hapa AICC, kituo cha mikutano mjini kwetu, Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda. Sisemi watangazaji wetu ni RTLM, hata kidogo, usinielewe vibaya mhariri. Ila ile nayo ilianza 1993 kama kampuni binafsi ya wanahisa, ikawavuta watu kwa muziki mtamu na utani na simu za wasikilizaji, watu wakaizoea kabisa kabla haijafika pale ilipofika 1994.

Kwa hiyo ombi langu kwa TCRA ni dogo tu. Kituo kikikosea, faini ihesabiwe kwenye mapato ya matangazo ya kipindi hichohicho, sio kiwango ambacho mhasibu anakilipa huku anakunywa chai, na kwenye taarifa ya adhabu wadhamini wa kipindi watajwe kwa majina, yule wa soda, yule wa sabuni, yule wa mtandao wa simu, ili mama anayeuza mbogamboga soko la Kilombero ajue hela yake ya vocha inakwenda kumlipa nani. Wakishatajwa mara moja tu, sidhani kama hata Jumatatu itafika hawajapiga simu wenyewe kuomba kipindi kibadilishwe.

Ni mimi msomaji wako,
Ngarenaro, Arusha