Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Waongoza Watalii wa Ziwa Eyasi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mtunza hazina, nami sitaziingilia. Nafasi yangu naitumia kuuliza jambo moja: fedha ya mgeni ikifika kambini kwa Wahadzabe, wenzetu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi, inaishia mikononi mwa nani?

Ratiba yetu mnaijua. Mgeni anatoka Karatu usiku bado, akifika Mang'ola anampakia mkalimani, alfajiri yuko porini akifuata vijana wenye pinde. Wakirudi anajaribu kulenga shabaha, anacheza ngoma, kisha anapelekwa kwa mhunzi wa Kidatoga kuona vyuma chakavu vikiyeyushwa kuwa bangili. Mchana yuko hotelini, na picha zake nyingi ni za upinde. Lakini kambi haishibi kwa upinde peke yake. Ipo mizizi, yapo matunda pori na ubuyu, na sehemu kubwa ya hivyo huletwa na akina mama. Hao tumewaacha pembeni. Hawapati kitu mpaka mgeni anunue shanga. Naomba msimu ujao kila ziara iwe na uchimbaji wa mizizi, na ada ikabidhiwe mbele ya kambi nzima, wanawake wakiwapo.

La pombe linaniuma zaidi. Taslimu ikitolewa asubuhi kwenye kambi zilizo karibu na barabara, muuza pombe hayuko mbali, na jioni watoto wanalala njaa siku ileile ambayo magari yalikuwa yanapishana. Hatuna haki ya kuwaamulia watu wazima wanunue nini. Tunaweza kuwauliza wanapenda walipwe vipi, na wakitaka unga, matibabu au mahitaji ya wanafunzi wa bweni, tuwalipe hivyo.

Kuhusu ardhi, mashamba ya vitunguu na mifugo vinazidi kusogea. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na misitu yao inawaingizia fedha za kaboni, yaani malipo ya kuitunza isikatwe, bila kumsubiri mgeni. Kamati itakutana na serikali za vijiji vyetu kuhusu mipango ya matumizi ya ardhi, Wahadzabe wenyewe wakiwa wasemaji.

Naleta pendekezo la kupigiwa kura leo: mwanachama atakayepeleka pombe au bangi kambini afutwe kwenye orodha yetu ya waongoza watalii.