Sikio moja baada ya uvimbe kichwani

Mhariri,

Uvimbe wa neva ya kusikia si saratani, lakini ukiondolewa, mara nyingi sikio la upande huo huzima kabisa. Kulinunulia kifaa cha kawaida cha kukuza sauti ni kutupa pesa: neva iliyokatika haipeleki sauti, ikuzwe vipi. Kinachosaidia ni maikrofoni upande uliozima, inayorusha sauti hadi sikio linalosikia. Hata hivyo haikwambii honi ya tuktuk inatoka wapi. Barabarani tegemea macho. Kwenye matatu, sikio bovu lielekee dirishani.

Jasho na unyevu wa Mombasa huviua vifaa hivi. Usiku toa betri, kifungie kifaa kwenye kopo lenye vipakiti vya kukaushia (vile vya maboksi ya viatu, ila viwe vipya).

Wahudumu wa masikio,
Mombasa