Mama, karatasi ya Baba Mdogo usiisaini

London, Jumapili, 13 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Bibi, Dada Mwajuma na watoto wote. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Ujumbe wa Dada kuhusu mkopo wa Baba Mdogo niliupata juzi nikiwa kwenye basi, nikausoma mara tatu. Nikipiga simu hatutaelewana, Bibi ataichukua, Chiku naye ataitaka, ndiyo maana nimeona niandike. Dada aichapishe pale steshenari akusomee yote, asiruke kitu.

Nianze na la furaha. Fildi nimemaliza Ijumaa! Wiki 2 kamili kwenye kampuni kubwa ya mawakili wa biashara, hapa City, katikati ya mabenki. Wanaoomba nafasi hizi ni wengi mno na wanaochukuliwa ni wachache. Nilijaza fomu ndefu, nikafanya mtihani kwenye kompyuta, kisha nikakaa kwenye usaili mbele ya mawakili wawili. Nilivaa ile suti ya bluu aliyonishonea fundi wa Mtaa wa Congo, na mama mmoja pale ofisini akaniuliza nimeinunua wapi. Nikamwambia Kariakoo, Dar es Salaam. Na wanalipa, Mama. Wenzangu niliosoma nao sekondari ya Jangwani, walioko Chuo Kikuu cha Mlimani, wananiambia wao wakienda fildi hata nauli wanajitegemea.

Dada anasema unauliza kama nitavaa wigi jeupe na joho. Hapana. Kwetu wakili ni huyo huyo mmoja, asubuhi anaandika mkataba, mchana yuko mahakama ya Kisutu anatetea. Huku wamegawana: wenye wigi ndio wa kusimama mahakamani, wengine ni wa ofisini na mikataba. Mimi nataka kuwa huyu wa pili. Wakinichukua, mwakani namaliza digrii, nafanya mitihani ile mipya ya mawakili iliyoanza 2021, halafu miaka 2 ya mafunzo nikizungushwa kutoka idara moja hadi nyingine, kawaida miezi 6 kila moja. Usaili wa mwisho nilifanya Alhamisi. Majibu bado, niombeeni.

Wiki ya pili niliwekwa idara ya mikopo. Wateja siwezi kukutajia, nilisaini karatasi ya kutunza siri. Lakini kazi yenyewe nitakwambia, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mkopo una mkataba wake, halafu kuna rundo la nyaraka ambazo benki lazima izione kabla haijatoa hata senti moja: cheti cha usajili wa kampuni, azimio la bodi, hati za dhamana, saini za kila mhusika. Nilipewa orodha na kalamu nyekundu, nikague moja baada ya nyingine. Jumatano saa moja usiku nikaona namba ya usajili kwenye hati ya dhamana inaishia na 6, na kwenye cheti inaishia na 9. Nikairudia kwa kidole, kama ulivyotufundisha kuhesabu chenji ya vitumbua. Nikampelekea wakili aliyekuwa akinisimamia. Aliinuka kitini, akaita wenzake, na hati ikachapwa upya usiku ule ule. Kesho yake alisema mbele ya watu kwamba nasoma kama wakili. Mama, nilitamani Baba awepo asikie.

Sasa nisikilize. Katika rundo hilo ndimo nilimosoma hati ya mdhamini tangu mwanzo hadi mwisho. Na Dada ananiandikia kuwa benki imeikubalia kampuni ya Baba Mdogo mkopo wa duka la Kariakoo, kilichobaki ni nyumba yetu ya Temeke na saini yako. Eti kakwambia, “Shemeji, kampuni ni limitedi, haguswi mtu.”

Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana yanaingia akilini. Kila asubuhi basi langu linapita Whitechapel. Hapo ndipo alipokuwa na biashara yake ya viatu Aron Salomon, ambaye kesi yake hata wanafunzi wa Mlimani wanaijua. Aliigeuza biashara kuwa kampuni, mkewe na watoto akawapa hisa moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai wakataka alipe yeye. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya huku ikasema kampuni ni mtu wake na Salomon ni mtu wake, deni la kampuni si lake.

Kwa hiyo Baba Mdogo anaweza kweli asiguswe. Wewe utaguswa! Hiyo ndiyo kazi ya saini ya mdhamini. Sheria ya Mikataba ya kwetu, Sura ya 345, inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, labda mkataba useme vingine. Mzigo ukikwama bandarini au vitenge visipouzika, benki itakuja Temeke na dalali wake wa mnada. Umesahau ya kwa Mama Sele? Vitanda vililala nje siku mbili, na deni halikuwa lake, lilikuwa la kaka yake.

Huku nako yalitokea hayo hayo. Mwaka 2001 mahakama iliamua kesi ya Etridge, ya wake waliokuwa wameweka nyumba wanazoishi kuwa dhamana ya madeni ya waume zao. Ikaelekezwa kwamba mama wa namna hiyo aonane na wakili ana kwa ana, mume asiwemo chumbani, aelezwe deni ni kiasi gani na nini kinaweza kumpotea. Wewe nani amekukalisha chini hivyo? Baba Mdogo kakuletea ukurasa wa saini peke yake, kurasa nyingine eti ziko benki.

Kinyongo ninacho, sikufichi. Kwenye arobaini ya Baba alisema mbele ya wazee kuwa kunileta huku ni kupoteza hela, nitaishia kuosha vyombo vya Wazungu. Wewe ulinyamaza, wiki ile ile ukauza friji, nauli yangu ikatoka humo. Sijasahau. Lakini hata angekuwa ananipenda kama mboni ya jicho lake ningekwambia hivi hivi: usisaini.

Ya hela: nimetuma laki 8 kwenye namba ya Dada. Laki 5 ni mchango wangu wa harusi ya Chiku, aniwie radhi, zile milioni 2 alizotaja sina. Laki 3 ni za wakili, msije mkazichanganya na sare. Atafutwe wakili asiye wa benki wala wa Baba Mdogo, azisome kurasa zote. Akiwa ghali, nendeni TAWLA, wale wanasheria wanawake, wanasaidia kina mama.

Mimi niko vizuri, chumba ni kidogo lakini kinatosha, baridi imeisha. Siku hizi jua linazama saa tatu na robo usiku, nikiswali Magharibi kwenu ni saa tano na nyie mmeshalala. Jana nilipika maharage kwa nazi ya kopo. Hayakuwa na harufu ile. Nimekumbuka mlio wa mbuzi uani, wewe unakuna nazi na Bibi anakugombeza kuwa unaacha nyama kwenye kifuu.

Hati ya nyumba iko wapi sasa hivi? Kama bado iko kwenye sanduku la bati chini ya kanga za Bibi, iache hapo hapo na ufunguo akae nao Bibi. Kama Baba Mdogo kaichukua kwenda kutoa kopi, Dada aende Kariakoo kesho asubuhi akaifuate, asirudi bila hiyo. Nitapiga kesho saa mbili usiku, saa za kwenu.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Zuhura